Diski ya C5-C6 imechakaa, mbona anayelia ni jirani yake?

MASWALI YA WASOMAJI: SHINGO NA MGONGO
Anajibu mfiziotherapia wetu, Dar es Salaam

Shikamoo dada. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika, nina miaka 49. Nilianza kuumwa shingo msimu wa sare za shule. Maumivu yanakaa katikati ya shingo upande wa kulia, yanashuka mpaka mwanzo wa bega. Ganzi sina. Nimepiga MRI, majibu yanasema diski ya C5-C6 imekauka, imepungua kimo na imeota vimfupa, na C4-C5 “imeanza mabadiliko”. Daktari alinibonyeza akasema panaponiuma ni C4-C5. Nikamuuliza inakuwaje iliyoharibika haiumi halafu nzima ndiyo inauma, akasema foleni ni ndefu. Huu ugonjwa unaambukiza pingili za jirani? Utapanda mpaka kichwani?
*Mama wa Sare, Tandika*

Marahaba mdogo wangu. Hauambukizi, wala hautapanda mpaka kichwani. Diski ni kile kitakio kilicho kati ya pingili mbili, na C5-C6 ni ile iliyo kati ya pingili ya tano na ya sita za shingo ukihesabu toka juu. Kati ya fuvu na pingili ya kwanza hakuna diski, na kati ya pingili ya kwanza na ya pili vilevile hakuna. Zinaanzia chini ya pingili ya pili, ziko sita, na ya mwisho imekaa pale shingo inapokutana na kifua. Kinachohama kutoka ngazi moja, yaani pingili mbili na vinavyoziunga, kwenda nyingine ni kazi. Daktari wako hakukosea alipobonyeza, ila alikunyima sehemu tamu ya jibu.

Kila ngazi ya shingo yenye diski inasimama juu ya vitu vitatu: diski mbele, na viungo viwili vidogo nyuma, kimoja kulia na kimoja kushoto, vilivyokaa mshazari ili pingili iweze kuteleza unapoinama na unapotazama juu. Kuanzia pingili ya tatu kwenda chini kuna pia kingo za mfupa zilizoinuka pembeni mwa diski, ambazo zinaongoza mwendo na kuizuia pingili isitoroke kwenda kando. Vyote hivi vinategemea kimo cha diski. Kimo kikibadilika, mpango mzima unabadilika.

Na kimo lazima kibadilike, kwa sababu diski ya mtu mzima karibu haina damu ndani yake. Chakula chake kinapenya polepole kutoka kwenye mfupa wa juu na wa chini yake. Umri ukienda, njia hiyo inaziba kidogo kidogo, maji yanapungua, na ule ute wa katikati unageuka kuwa nyuzi. Shingoni hayo yanaanza mapema kuliko kiunoni. Mtu wa miaka 40 akiniambia diski zake za shingo ni kama za mtoto, namcheka.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Diski ikianza kupungua, ngazi hiyo haikazi siku hiyo hiyo. Kwanza inalegea. Kano zilizokuwa zimevutwa sawasawa zinapwaya, viungo vya nyuma vinapandana zaidi ya ilivyopangwa, na pingili inacheza kuliko kawaida. Huo ndio wakati mtu anasikia shingo inalia-lia na anaamka siku moja imegoma kugeuka. Baadaye, kwa miaka, mwili unajitengenezea ngome: kingo zinaota vimfupa, mifuko ya viungo inanenepa, mwendo unapungua. C5-C6 yako imeshafika huku. Imekaza, na iliyokaza mara nyingi hunyamaza.

Umewahi kuona mnyororo wa baiskeli uliokaa mvuani, pingili yake moja ikashika kutu? Mnyororo unazunguka bado, ila kila ukipita kwenye gia, ile yenye kutu haikunji, na pini za jirani zinakunja zaidi. C4-C5 yako ndiyo pini hiyo. Kugeuka kulia na kushoto hakukusumbui sana, nadhani, kwa sababu karibu nusu ya kugeuka kote kunafanywa na pingili mbili za juu kabisa. Kuinama na kutazama juu ndiko kunakotegemea ngazi za katikati na chini, yaani C4-C5, C5-C6 na C6-C7. Ukitoa mmoja kazini, wawili waliobaki wanagawana.

Wanamekanika wa mwili wamelipima hili maabara. Mwaka 2002 kundi moja la Marekani lilichukua shingo za watu waliokwisha kufariki, likaifunga C5-C6 kwa sahani isicheze kabisa, kisha likainamisha shingo na kupima shinikizo ndani ya diski za jirani. Juu yake, C4-C5, shinikizo lilipanda kwa asilimia 73. Chini yake, C6-C7, kwa asilimia 45. Shingo yako haijafungwa kwa chuma, kwa hiyo usijipe tarakimu hizo. Lakini mwelekeo ni huo huo: jirani wa juu ndiye aliyeumia zaidi.

Kwa fundi cherehani kuna sababu ya pili. Mtu wa aina yako akija, simgusi kwanza. Nakaa ubavuni mwake, namwambia atazame dari polepole. Shingo iliyogawana kazi inapinda kwa duara moja refu. Ya fundi inabaki imenyooka huku chini, halafu inavunjika ghafla mahali pamoja, na ngozi ya hapo ina mkunjo mmoja mzito kuliko mingine. Naweka kidole kwenye mkunjo huo, sentimita mbili pembeni mwa mfupa wa katikati, nabonyeza. Wengi wanaruka. Kisha namwomba akae kama yuko kazini, na naona mkunjo ulikotoka: mgongo wa juu umejikunja, shingo ya chini imesukumwa mbele, na kidevu kimeinuliwa ili macho yaione sindano. Mkao huo akiukalia toka asubuhi hadi magharibi, miaka ishirini, bawaba moja ndiyo inayobeba yote.

Miwani je? Mafundi wengi wa umri wako wanavaa miwani ya kusomea waliyonunua barabarani, yenye nguvu ya kusoma gazeti lililo karibu na pua. Sindano iko mbali zaidi ya hapo, basi kichwa kinaifuata. Nenda kapimwe macho, na mwambie mpimaji umbali wa kazi yako. Peleka hata futi yako ya kamba. Nimeona shingo zikitulia kwa miwani tu.

Kuhusu hayo maneno “imeanza mabadiliko”, yasikukoseshe usingizi. Wajapani walipiga MRI shingo za watu 497 wasioumwa chochote, wakachapisha mwaka 1998. Kwa waliovuka miaka 60, asilimia 86 ya wanaume na asilimia 89 ya wanawake walikuwa na diski zilizochakaa, na hawakuwa na habari. Tena si kila diski ya jirani inayochakaa imeponzwa na mwenzake; zote zimezaliwa siku moja, zina urithi mmoja na zimekaa kwenye kiti kimoja. Mimi binafsi naamini mambo yote mawili yanafanya kazi pamoja, na anayekuambia ni moja tu anakuuzia kitu.

La kufanya. Usilazimishe C5-C6 ifunguke, acha ikae. Mpunguzie kazi C4-C5 kwa kuamsha waliolala, yaani mgongo wa juu na mabega. Kaa kwenye kiti chenye mgongo mfupi unaoishia chini ya mabega, shika kisogo kwa mikono miwili, jinyooshe nyuma juu ya ukingo wa kiti huku kidevu kimetulia. Kinachopinda kiwe kifua, shingo isipinde. Pili, lala chali bila mto mkubwa, itikia “ndiyo” kidogo mno, kana kwamba hutaki mtu aone, shikilia sekunde kumi, pumzika, rudia mara kumi. Misuli ya ndani mbele ya shingo ndiyo inayozishika pingili zisiteleze, na kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu huwa imezembea. Ukihisi misuli mikubwa ya pembeni inasimama, umetumia nguvu nyingi. Tatu, inua meza ya cherehani kwa vigingi vya mbao mpaka kazi isogee kwenye macho, au shusha kigoda. Kama ni cherehani ya miguu, angalia magoti yasigonge.

Kola ya shingo usivae kutwa. Inailegeza misuli ile ile unayoitaka.

Na ukianza kushindwa kufunga vifungo, sindano ikawa haipitishiki uzi kwa sababu vidole vimekuwa vizito, ukawa unayumba unapotembea, au mkojo ukakusumbua, hilo si suala la jirani tena. Ni uti wa mgongo wenyewe, ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili, unabanwa. Usisubiri toleo lijalo la gazeti. Nenda hospitali yenye wataalamu wa mifupa na mishipa ya fahamu, kwa hapa mjini MOI Muhimbili, siku hiyo hiyo.

Salaam aleikum. Nimestaafu, nilikuwa mwendesha kreni bandarini. Mwaka 2016 nilifanyiwa operesheni ya shingo India, wakatoa diski ya C6-C7 wakaunga pingili kwa sahani na skrubu. Mkono uliokuwa ukiwaka moto mpaka kidole cha kati ulipoa, alhamdulillahi. Sasa nimepiga picha kwa ajili ya jambo jingine, naambiwa C5-C6 imechakaa “kwa sababu ya chuma”. Shemeji yangu aliyeko Muscat ameshauriwa awekewe diski ya bandia badala ya kuungwa. Nimeliwa? Na huyu jirani nimfanyeje?
*Mzee wa Kreni, Kisauni*

Waaleikum salaam mzee wangu. Hukuliwa. Mkono uliokuwa ukiwaka umepoa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya operesheni.

Chuma kinachangia, sikatai. Vile vipimo vya maabara nilivyomweleza Mama wa Sare vinakuhusu wewe kuliko yeye. Ila kuna utafiti wa wapasuaji wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999 ambao kila aliyeungwa shingo angestahili kusomewa. Waliwafuatilia wagonjwa 374 waliofanyiwa operesheni kama yako. Kila mwaka karibu asilimia 2.9 walipata dalili mpya kutoka kwa diski ya jirani, na kwa hesabu yao karibu robo wangefikia hapo ndani ya miaka kumi. Wengi wanaishia kusoma hapo, wanaogopa. Lakini walikuta pia kwamba walioungwa ngazi nyingi walipata tatizo la jirani mara chache kuliko walioungwa ngazi moja. Kama kosa lingekuwa la chuma peke yake, ingekuwa kinyume, maana chuma kirefu kinamwachia jirani kazi kubwa zaidi. Maelezo yao ni kwamba C5-C6 na C6-C7 ndizo zinazochakaa kwa watu wengi, iwe umeungwa au hukuungwa. Zikiwa ndani ya muungo, hazina nafasi ya kuugua. Ikibaki moja nje, nayo tayari ilikuwa njiani, inaendelea na safari yake.

Sasa weka juu ya hapo kazi yako. Mwendesha kreni anakaa juu, kontena liko chini kabisa, anachungulia katikati ya magoti yake kwa miaka. Mwaka 2014 mpasuaji mmoja wa New York alipiga hesabu kwa kompyuta kwamba kichwa cha kilo tano hivi, kikiinamishwa nyuzi 60, kinaivuta shingo kwa uzito wa kilo 27. Ni hesabu, hakupima maumivu ya mtu, na magazeti yaliitia chumvi. Ila inatosha kukuonyesha kwamba C5-C6 yako haikusubiri India ndipo ichoke.

Diski ya bandia ya shingo, ambayo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2007, imetengenezwa hasa kwa matumaini hayo: mwendo ubaki, jirani asibebeshwe. Kwa anayefanyiwa ngazi mbili, majaribio ya miaka mingi yanaipa nafasi nzuri ya kuepuka operesheni ya pili. Kwa ngazi moja bado wapasuaji wanabishana. Na haimfai kila mtu. Kama viungo vya nyuma vimeshachakaa, au pingili inateleza, au mifupa ni myepesi, mpasuaji mwangalifu ataikataa. Shemeji yako aulize mambo hayo matatu kabla hajatia saini.

Wewe huna dalili. Picha si dalili. Usimruhusu mtu akuguse C5-C6 kwa kisu kwa ajili ya picha. Ukianza kuhisi ganzi au udhaifu upande wa kidole gumba, ambako ndiko neva inayopita C5-C6 inakoelekea, hapo tutazungumza lugha nyingine. Kwa sasa fanya yale mazoezi ya mgongo wa juu na ya kuitikia. Na ukirudisha gari nyuma, geuza kifua chako chote, tumia vioo. Usiitafute barabara kwa shingo peke yake.

Mambo vipi dokta. Nina miaka 31, niko Morogoro. Kila nikinyoa, kinyozi ananikanda halafu ananigeuza shingo kulia, “ka!”, kushoto, “ka!”. Nasikia raha siku mbili, halafu inarudi kukaza. Sasa nimepimwa, nina diski ya C5-C6 iliyoanza kuchakaa. Niendelee?
*Kijana wa Msamvu*

Poa, ila acha. Mlio huo ni gesi ndani ya kiungo, si mfupa kurudi mahali pake, na kinachokubali kulia kwa urahisi ni kiungo kilicholegea. Kilichokaza kinakataa. Kwa hiyo kinyozi anamnyoosha yule yule jirani ambaye tayari anafanya kazi ya wawili. Ndiyo maana raha haivuki siku mbili. Juu ya hilo, ndani ya vitundu vya pembeni vya pingili unapita mshipa wa damu unaokwenda nyuma ya ubongo. Ni mara chache, lakini kunyongwa shingo kwa ghafla kumewahi kuuchana na watu wakapata kiharusi. Wengine ni vijana wa umri wako. Mwambie akukande mabega na akupake spiriti, aishie hapo. Akishika kidevu chako, shika mkono wake.

Mimi ni mama muuza dagaa, nabeba beseni kichwani toka mwaloni hadi sokoni. Mwanangu aliyesoma anasema namaliza diski zangu. Kweli?
*Mama Dagaa, Mwanza*

Kwa kiasi. Wabeba kuni wa Kongo walipigwa eksirei na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: shingo zao zilikuwa zimechakaa kuliko za wasiobeba. Upande wa pili, mwaka 1986 watafiti waliwapima akina mama wa Kijaluo na Kikikuyu kule Kenya, wakakuta wanabeba mzigo wa moja ya tano ya uzito wao bila kutumia pumzi ya ziada, jambo ambalo wanajeshi wenye mabegi hawakuliweza. Mapafu na mifupa ni vitu viwili tofauti, lakini ile asilimia 20 mimi naichukua kama mpaka mzuri: ukiwa na kilo 60, beseni lisizidi 12.

Mzigo uliotulia juu ya ngata, shingo imenyooka, unazigandamiza ngazi zote kwa pamoja na zinagawana. Ninaouogopa ni ule wakati wa kujitwisha na kujitua peke yako, shingo imepinda kando na beseni linayumba. Hapo ngazi moja inabeba yote. Omba mtu akutwishe. Akutue pia. Na mwanao aliyesoma aje na toroli.

Mto mmoja au miwili?
*Asiyetaka jina, Tanga*

Ukilala chali, mmoja mwembamba. Ukilala ubavu, uwe mnene wa kujaza nafasi kati ya sikio na godoro, kichwa kisidondoke wala kisiinuliwe. Kulala kifudifudi, shingo imegeuzwa upande mmoja usiku kucha, sikushauri uwe na mto au usiwe nao.